Magongo Kwenye Murram: Klabu za Ridhaa Zilizoifikisha Afrika Mashariki Olimpiki

Oktoba 1971, mjini Barcelona, lilichezwa Kombe la Dunia la kwanza la mpira wa magongo. Zilishiriki timu 10. Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa 1–0 na wenyeji Hispania, kisha ikapigania nafasi ya 3 na India, taifa lililokuwa tayari na dhahabu 7 za Olimpiki. India ilishinda 2–1, tena baada ya muda wa nyongeza. Kenya ikarudi nyumbani ikiwa ya 4 duniani. Tangu siku hiyo hakuna timu ya wanaume kutoka Afrika iliyofika hatua ile, si Misri, si Ghana, wala Afrika Kusini.

Sifa za Kenya katika michezo tumezizoea kwa wakimbiaji. Kipchoge Keino anajulikana hadi kwa mtoto wa shule ya msingi. Vijana wa Barcelona hawajulikani hivyo, ingawa nao walizaliwa, walisoma au walifanya kazi katika mitaa ileile ya Nairobi. Hawakutoka katika chuo cha michezo cha serikali, na hapakuwa na kampuni iliyowalipa mshahara wa kucheza. Walikuwa makarani, walimu, mafundi na wafanyabiashara waliotoka kazini jioni, wakabadilisha nguo na kushika magongo katika viwanja vya klabu za jamii zao. Historia ya mchezo huu Afrika Mashariki ni historia ya klabu hizo za ridhaa. Ndizo zilizoupandisha hadi kileleni, na zilipotikisika nao ukaporomoka.

Reli na abiria wake

Kanuni za mpira wa magongo wa kisasa zilipangwa Uingereza, ambako chama cha kwanza kikubwa cha mchezo huo kiliundwa London mwaka 1886. Maofisa wa jeshi wakaupeleka India, na huko ukapata wenyewe. Katika vikosi na shule za Punjab, vijana walitengeneza mtindo wao: pasi fupi, viganja vyepesi, mpira ukinata kwenye gongo. Mwaka 1928 India ilitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Amsterdam, ikarudia 1932 na 1936. Watawala wakawa wamefundishwa somo na watawaliwa.

Miaka ileile mchezo ulipokuwa ukikita mizizi India, Waingereza walikuwa wakijenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria. Kazi ilianza 1896. Vibarua na mafundi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India; karibu 2,500 walikufa kwa magonjwa, ajali na simba wa Tsavo, wengi wa waliosalia walirudi kwao, na wapatao 6,700 wakabaki. Reli ilifika Nairobi Mei 1899, mahali palipokuwa tambarare yenye majimaji, na Desemba 1901 ikafika Kisumu. Nyuma ya reli wakaja wengine kwa hiari yao: wenye maduka, makarani, maseremala, wahunzi na waashi.

Jamii mbili kati ya hizo ndizo zitakazotushughulisha hapa. Ya kwanza ni Masikh wa Punjab, ambao mitaani tumewazoea kwa jina la Makalasinga. Wengi wao walikuwa mafundi: karakana za reli, viwanda vya mbao na gereji vilisimama kwa mikono yao. Ya pili ni Wagoa, Wakatoliki kutoka koloni la Wareno katika pwani ya magharibi ya India. Hao waliajiriwa ukarani serikalini, benki na relini. Wengine walikuwa washonaji na wapishi. Kila jamii ilikuwa na nyumba yake ya ibada, shule yake na klabu yake, na kila klabu ilikuwa na timu ya magongo.

Klabu kama mji mdogo

Wagoa wa Nairobi walikuwa na Goan Institute tangu 1905. Baadaye ikazaliwa Goan Gymkhana, na wafanyakazi wa reli wakawa na taasisi yao. Washonaji nao walikuwa na chama chao, kwa sababu karani mwenye tai hakupenda kukaa meza moja na fundi cherehani. Kwa mtazamaji wa nje hao wote walikuwa Wagoa tu. Ndani kwa ndani waligawanywa na kazi, tabaka na kijiji alikotoka babu. Ushindani huo wa chinichini ulikuwa kuni za mchezo: kumfunga jirani yako wa kanisani kulikuwa na utamu kuliko kumfunga mgeni.

Masikh nao, katika miaka iliyo kati ya vita viwili vya dunia, walikuwa wamejipanga katika Sikh Union. Ya Nairobi ndiyo iliyopata jina kubwa kuliko zote, lakini Mombasa na Kisumu nako Masikh walikuwa na klabu zao. Padri wa Kizungu, mwalimu wa Kihindu, daktari Mwislamu, wote walikuwa na mahali pao pa kuchezea. Wazungu walijifungia Mombasa Sports Club, iliyoanzishwa 1896, na Parklands Sports Club ya Nairobi.

Klabu hizi ziliendeshwa namna gani? Kwa ada ya wanachama, kaunta ya vinywaji, dansi za Jumamosi na michango ya harambee kabla neno hilo halijawa la taifa. Mwanachama aliyefanya kazi benki alikuwa mweka hazina, mwenye lori alisafirisha timu kwenda Nakuru au Kampala, na mwenye karakana alitengeneza magoli. Akina mama walipika. Watoto walikaa pembeni mwa uwanja tangu wakiwa na umri wa kutambaa, na kijana akifika miaka 12 alikuwa ameshaona mechi mia kadhaa kabla hajacheza hata moja.

Viwanja vyenyewe vilikuwa vya murram, ile changarawe nyekundu tunayoijua barabarani. Asubuhi ya mechi uwanja ulimwagiwa maji, ukapitishiwa rola hadi ukawa mgumu kama sakafu, kisha mistari ikachorwa kwa chokaa. Kufikia saa tisa alasiri jua lilikuwa limeshanyonya maji yote. Mpira wa magongo una uzito wa gramu 156 hadi 163 na ni mgumu kama jiwe. Ukigonga kokoto hauulizi, unaruka hadi kifuani au usoni. Gongo la enzi hizo lilikuwa la mti wa mforsadi, likitoka viwanda vya Jalandhar na Sialkot, na upande wa kushoto peke yake ndio ulioruhusiwa kupiga mpira. Mchezaji wa murram alilazimika kuutuliza mpira kwa jicho kali na kiganja laini, la sivyo aende hospitali. Ndiyo maana wageni kutoka Ulaya, waliozoea nyasi laini, walipata tabu Nairobi: hewa nyembamba ya zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, vumbi puani, na wapinzani wanaoudhibiti mpira uliowashinda wao hata kuusimamisha.

Shule zilikuwa kitalu. Ya Wagoa iliitwa kwa jina la Dkt. Rosendo Ribeiro, daktari aliyefika Nairobi mwaka 1900 na kujulikana mji mzima kwa kuwazuru wagonjwa akiwa amempanda pundamilia aliyemfuga. Shule hiyo ya Parklands ilifunguliwa miaka ya mwanzo ya 1930, na kutoka humo wakatoka wachezaji kadhaa walioivalia Kenya jezi ya Olimpiki. Upande wa pili shule ya serikali ya Wahindi, iliyoitwa Duke of Gloucester na leo ni Jamhuri High School, ilikuwa na timu iliyoogopwa.

Na Mwafrika alikuwa wapi? Alikuwemo klabuni, lakini si kwenye daftari la wanachama. Alikuwa mtunza uwanja, mpishi, mhudumu wa kaunta. Sheria na desturi za kikoloni zilizitenga shule, hospitali, mitaa na hata vyoo kwa rangi, na michezo haikusalimika. Mtu aliyevuta rola asubuhi ili uwanja uwe tayari hakuruhusiwa kushika gongo jioni. Ukweli huo lazima usemwe, maana utatusaidia kuelewa kilichotokea baadaye.

Ugeni wa Dhyan Chand

Desemba 1947, miezi minne baada ya India kupata uhuru, timu ya India ilishuka Mombasa. Chama cha michezo cha Waasia wa Afrika Mashariki ndicho kilichoialika, na kilitoa sharti: Dhyan Chand asipokuja, na timu isije. Mshambuliaji huyo, mwenye dhahabu tatu za Olimpiki, alikuwa na miaka 42, umri ambao wengi huwa wameshatundika magongo. Alikuja, na katika mechi 22 za ziara ile alifunga mabao 61.

Mabao hayo yalikuwa darasa. Wazazi waliowabeba watoto wao mabegani kumtazama walikuwa wakiwaonyesha kipimo. Ziara za India na Pakistan zilizofuata zikawapa vijana wa Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam nafasi ambayo nchi nyingi za Ulaya hazikuwa nayo: kucheza na walio bora duniani wakiwa nyumbani, kwenye murram yao wenyewe. Mchezaji wa klabu ya ridhaa aliyemkaba bingwa wa Olimpiki Jumapili na kurudi ofisini Jumatatu hakuwa tena na sababu ya kumwogopa mtu.

Miaka ya kileleni

Kenya ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza Melbourne mwaka 1956, ikiwa bado koloni, na timu ya magongo ilikuwemo katika msafara huo. Ilimaliza ya 10 kati ya 12. Miaka minne baadaye, Roma, ilifika robo fainali na kutolewa na Uingereza 2–1 kwa muda wa nyongeza. Ikamaliza ya 7. Tokyo 1964, Olimpiki ya kwanza chini ya bendera ya Kenya huru, ilikuwa ya 6. Mexico 1968 ikawa ya 8. Kisha ikaja Barcelona.

Msomaji atazame orodha za wachezaji wa miaka hiyo. Avtar Singh Sohal, aliyejulikana kila mahali kwa jina la Tari, alikuwa beki kutoka Sikh Union Nairobi. Alicheza Olimpiki nne mfululizo, 1960 hadi 1972, na katika tatu za mwisho alikuwa nahodha. Kitabu cha rekodi cha Guinness kilimtaja kwa mechi 167 za kimataifa, idadi ambayo wakati huo hakuna mchezaji wa magongo aliyeifikia. Pembeni yake alikuwepo Surjeet Singh Panesar, naye mwenye Olimpiki nne. Upande wa Wagoa kulikuwa na Alu Mendonca, Hilary Fernandes na Silu Fernandes, na ndugu wawili, Edgar na Egbert Fernandes. Majina ya Kiislamu nayo yamo.

Hapo ndipo uzuri na kinaya cha timu ile vinapokutana. Katika maisha ya kila siku Msikh, Mgoa na Mwislamu wa Nairobi hawakuoana, hawakusali pamoja, na mara nyingi hata hawakualikana chakula. Mashindano ya klabu yaliwagonganisha kila wikendi kwa ukali. Lakini ugomvi huo wa wikendi ndio uliowafanya wajuane: Mgoa wa kati alijua Msikh wa mbele atakimbilia wapi kabla hajakimbia. Kocha wa taifa hakuhitaji kambi ya miezi sita. Ligi ya Nairobi ilikuwa kambi yenyewe, na mwaka mzima.

Mafanikio hayakuishia Kenya. Huko Zanzibar mchezo ulichezwa Mnazi Mmoja. Dar es Salaam, Tanga, Moshi na Arusha kulikuwa na timu za Wagoa na Masikh. Kampala ilikuwa na uwanja wa Lugogo. Timu zilitembeleana kwa treni na basi wakati wa sikukuu, hasa Pasaka, na Mombasa ikawa kituo kipenzi: bahari asubuhi, mechi alasiri, na usiku usiulize.

Siku 90 za Uganda

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda wataondoka katika muda wa siku 90. Tarehe 26 mwezi huohuo Olimpiki ilifunguliwa Munich, na Uganda ilikuwa na timu ya magongo, yenye Waasia na Waafrika pamoja. Hebu fikiria hali ya chumba chao cha kubadilishia nguo. Watu walivaa jezi ya nchi ambayo ilikuwa inahesabu siku za kuwafukuza wazazi wao. Hata hivyo walicheza. Walitoka sare ya 1–1 na wenyeji Ujerumani Magharibi, timu ambayo siku chache baadaye ilitwaa dhahabu. Uganda ilimaliza ya 15 kati ya 16. Dunia ilikumbuka, na kwa haki, dhahabu ya John Akii-Bua katika mita 400 kuruka viunzi. Sare ile haikuimbwa na mtu, na timu iliyoipata haikukusanyika tena.

Kenya haikumfukuza mtu kwa tangazo la redio, ila mlango ulisogezwa kidogo kidogo. Sheria za mwaka 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana Waasia wasio raia. Uingereza, ikiona wimbi linakuja, ilipitisha sheria ya kuwazuia Machi 1968, na kabla ya siku hiyo ndege za kutoka Nairobi zilijaa. Sensa ya 1962 iliwahesabu Waasia 176,613 nchini Kenya. Ya 1969 ilipata 139,037. Ya 1979 ikapata 78,600 hivi. Katika miaka 17 zaidi ya nusu walikuwa wameondoka.

Tafsiri takwimu hizo katika lugha ya klabu. Karani wa Kigoa aliyeona nafasi yake ya serikalini ikichukuliwa na raia, kama siasa za wakati huo zilivyotaka, alihamia London au Toronto pamoja na wanawe watatu. Wanawe hao walikuwa timu ya vijana. Mke wake alikuwa kamati ya chakula. Gari lake lilikuwa usafiri. Familia 20 za namna hiyo zikiondoka, klabu inabaki na jengo, kaunta na picha ukutani. Tanzania Bara, utaifishaji wa majumba wa 1971 uliwasukuma wengi kwa namna hiyohiyo, na Zanzibar Mapinduzi ya Januari 1964 yalikuwa yameshawatawanya.

Ndiyo maana ngazi ya kushuka ilikuwa fupi. Munich 1972 Kenya ilikuwa ya 13. Kombe la Dunia la 1973 nchini Uholanzi ilikuwa ya 12, mwisho kabisa.

Zulia likatandikwa

Kabla jeraha halijapona, mchezo wenyewe ukabadilika sura. Montreal 1976 ilikuwa Olimpiki ya kwanza kuchezwa magongo kwenye nyasi bandia, yaani zulia. Kenya haikuwepo: ilisusia pamoja na nchi nyingi za Afrika kwa sababu ya ziara ya timu ya raga ya New Zealand Afrika Kusini. Mwaka 1980 ikasusia tena Moscow. Kususia kwa 1976 kulikuwa na heshima yake, na hakuna haja ya kukutubia. Ila kwa wachezaji wa magongo gharama yake ilikuwa kubwa: ilikaa miaka 12 bila Olimpiki, nje ya darasa, huku dunia ikijifunza mchezo mpya.

Nafasi za Moscow zilizoachwa wazi zilijazwa na waliokuwa tayari, Tanzania ikiwemo. Kwa timu ya taifa iliyokuwa na klabu chache za ridhaa nyuma yake, lilikuwa jaribio la kikatili. India iliifunga 18–0. Katika mechi tano za hatua ya awali Tanzania ilifungwa mabao 54, ikafunga 3, ikamaliza ya 6 kati ya 6. Wapo wanaocheka wakisikia namba hizo. Wacheke kwa uangalifu: ile ndiyo timu pekee ya magongo ya Tanzania iliyowahi kucheza Olimpiki.

Zulia lilibadilisha nini hasa? Kwenye murram, aliyekuwa na kiganja laini alikuwa mfalme, kwa kuwa mpira haukutabirika. Kwenye zulia mpira unateleza moja kwa moja na kwa kasi, kwa hiyo mwenye mapafu, misuli na pasi ndefu anamshinda mwenye chenga. Kona fupi ikawa silaha nzito, kwani mpigaji ana uhakika wa mpira utakavyofika. Zaidi ya hayo zulia ni ghali: la viwango vya juu humwagiwa maji mengi kabla ya kila mechi na lazima libadilishwe likichakaa. Murram ilihitaji rola na chokaa. Klabu ya ridhaa inayoishi kwa ada na soda haina ubavu wa kununua zulia. India na Pakistan zenyewe ziliyumba kwa sababu hiyohiyo, sembuse Nairobi.

Kenya ilirudi Olimpiki Los Angeles 1984 na kumaliza ya 9, si vibaya kwa timu iliyokaa nje muda wote huo. Majina yalikuwa yameanza kubadilika: Lucas Alubaha, Chris Otambo, Michael Omondi, Peter Akatsa. Mwaka 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika, uwanja wa City Park wa Parklands ukatandikwa zulia, na Kenya ikatwaa dhahabu. Ushindi huo uliipeleka Seoul 1988, ambako ilimaliza ya 12. Haijarudi Olimpiki tangu hapo.

Warithi

Serikali ilikuwa imeshachoshwa na klabu zenye majina ya makabila na jamii, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliagiza zibadilishwe. Katika soka Luo Union na Abaluhya zilipata majina mapya. Katika magongo Sikh Union Nairobi ikaingia uwanjani kama Simba Union. Ikaendelea kucheza ligi, safari hii ikiwa na wachezaji wa kila asili.

Kitalu kilihama. Kilitoka Parklands na Ngara kikaenda magharibi mwa Kenya, katika shule za bweni zenye viwanja vipana vya nyasi na walimu waliolipenda gongo. Friends School Kamusinga, Musingu na St. Anthony's Kitale zikawa majina ya kuogopwa katika michezo ya shule. Upande wa wasichana, Tigoi, Sinyolo na Nyamira. Mwana wa mkulima wa Bungoma aliyeanza na gongo la kuazima la shule akawa ndiye beki wa taifa. Hilo ni jambo kubwa, na klabu za zamani, kwa milango yao iliyofungwa, hazikulifanya mapema.

Vijana hao wakimaliza shule walikwenda wapi? Hawakwenda kwenye klabu za jamii, bali kwa waajiri. Polisi ya Kenya ikaajiri wachezaji na kuwa mabingwa wa ligi. Butali, timu ya kampuni ya sukari ya Kakamega, ikashindana nayo kwa miaka mingi. Vyuo vikuu kama Strathmore na USIU vikaingiza timu za wanaume na wanawake. Iliyong'aa kuliko zote ilikuwa timu ya wanawake ya shirika la simu, iliyokuja kujulikana kama Telkom. Ilitwaa ubingwa wa klabu bingwa wa Afrika zaidi ya mara tano, rekodi ambayo klabu nyingine ya Kenya haina hata ya kuikaribia. Halafu udhamini ukaisha, na mabingwa wa Afrika wakajikuta wakitafuta nauli. Waliendelea kwa jina la Blazers, kwa moyo uleule wa ridhaa ambao Wagoa na Masikh waliuanza nao karne moja nyuma, lakini bila jengo, bila kaunta na bila kiwanja chao.

Kampala nako maisha yaliendelea. Klabu za Weatherhead, Rockets na Wananchi zimeuweka mchezo hai Lugogo, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Tanzania magongo yamebebwa zaidi na wanajeshi, shule chache na wapenzi wasiokata tamaa.

Hukumu

Ukipima miaka yote hii utaona kwamba hakuna klabu iliyokuwa na kila kitu. Klabu za jamii zilikuwa na ardhi, hati, watoto na subira. Zilikosa mlango ulio wazi. Ziliishi kwa damu ya watu wachache, na watu hao walipoondoka hapakuwa na wa kuwarithi. Timu za waajiri zilifungua mlango kwa kila mwenye kipaji, bila kuuliza jina la baba, lakini zilikosa mizizi. Barua moja ya mkurugenzi wa fedha inatosha kuifuta timu ya kampuni. Barua haiwezi kuifuta klabu yenye kiwanja chake na watoto 50 wanaofanya mazoezi kila Jumamosi.

Kwa hiyo wanaodhani tatizo la magongo ni zulia moja lililochakaa wanaona nusu ya jambo. Zulia ni muhimu, na ni aibu kwa nchi iliyokuwa ya 4 duniani kusikia wachezaji wake wakilalamikia uwanja mwaka hadi mwaka. Lakini zulia jipya bila klabu ni kapeti la sebule isiyo na wenyeji. Kinachohitajika ni klabu za ridhaa zenye hati ya ardhi, ada nafuu, timu ya watoto na katiba isiyouliza kabila wala dini. Serikali za kaunti, manispaa na halmashauri zina viwanja vya wazi. Zivikodishe kwa klabu hizo kwa muda mrefu badala ya kuviacha vimezwe na wanyakuzi. Klabu za zamani zenye majengo na viwanja, nazo zizitafute shule za jirani na kuwaalika watoto wao wacheze, wala si kuwapa ruhusa ya kuokota mipira tu nyuma ya goli.

Kuna kazi nyingine ambayo haingoji bajeti. Wachezaji wa Tokyo, Mexico na Barcelona waliobaki hai ni wazee sana sasa, wengine Nairobi, wengine Uingereza na Kanada. Kumbukumbu za klabu zimo katika madaftari ya mikutano, makombe yenye kutu na picha zisizo na majina. Mwanahabari, mwanafunzi wa historia, au wewe msomaji mwenye babu aliyewahi kushika gongo: keti naye, mrekodi, andika majina yaliyo nyuma ya kila picha. Fanya hivyo mwaka huu.